Likizo isiyopumzisha: uchakavu wa moyo kwa wafanyakazi wa misaada

"Mwanangu, umekuja likizo au umekuja kuugua?"

Wafanyakazi wengi wa makambini wameshaulizwa hivyo na mama zao. Mtu ametoka kambi ya wakimbizi, Nyarugusu kule Tanzania, au Kakuma na Dadaab kule Kenya, baada ya wiki nane. Amefika nyumbani, analala mpaka saa nne asubuhi, akiamka hana maneno, mtoto akilia kidogo anafoka, simu ikiita anaigeuza kifudifudi mezani. Siku ya kumi anapanda basi kurudi kazini akiwa vilevile alivyokuja. Ndugu wanasema pesa za shirika zimempa kiburi. Mwenyewe anasema amechoka tu. Kiburi hana, na hilo neno "tu" limewekwa mahali pasipo pake.

Kuchoka ni neno tunalolibebesha mizigo mingi mno. Mkulima aliyeshinda shambani amechoka, lakini akila na kulala, alfajiri jembe liko begani. Uchovu ninaouzungumzia hapa hautoki kwa usingizi. Makambini wanauita banauti, neno lililohamia kutoka Kiingereza (burnout) bila kuvua viatu. Mimi napenda kuuita uchakavu, kwa sababu kitu hakichakai kwa siku moja, na kilichochakaa hakiponi kwa kufungiwa kabatini wiki mbili. Ukikivaa tena, kinaendelea kuchanika pale pale kilipoishia.

Aliyeliingiza jambo hili katika maandishi ya kitaalamu ni Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, mwaka 1974. Wengi hudhani dhana hii ilizaliwa maghorofani, kwa mameneja wa kampuni wanaokesha na hesabu. Freudenberger alikuwa mzaliwa wa Frankfurt aliyewakimbia Wanazi akiwa mtoto. Kwa lugha ya leo, mkimbizi. Mchana aliwaona wagonjwa wake wa kulipa, usiku alijitolea katika zahanati ya bure iliyohudumia vijana walionaswa na dawa za kulevya. Huko aliwaona wenzake wa kujitolea wakigeuka mbele ya macho yake. Wale waliokuja na moto mkubwa kuliko wote ndio waliokuwa wa kwanza kuwa wakali, wagumu, wasiomwamini mtu. Naye mwenyewe yakamkuta. Kwa hiyo dhana hii ilianzia kwa watu wanaosaidia watu, na maofisi yakaja kuiazima baadaye.

Miaka saba baadaye, 1981, Christina Maslach na Susan Jackson walitoa kipimo ambacho mpaka leo ndicho kinachotumika zaidi. Walisema hali hii ina sura tatu. Kiswahili kinazisema vizuri kuliko tafsiri yoyote: kuchoka, kukinai, na kujiona bure.

Kuchoka kila mtu anakujua. Kujiona bure ni pale mtu amesajili familia 100 kwa siku na jioni anaona hajafanya kitu. Lakini kukinai ndiko kunakotisha, na ndiko kusikosemwa. Mtu akila wali wa nazi mpaka akakinai, hata harufu yake inamchefua. Mfanyakazi aliyekinai anachefuliwa na watu wale wale aliokuja kuwasaidia. Mama mjane mwenye watoto sita anakuwa "ile keisi ya saa tano". Anayelia anaambiwa anaigiza. Wanaolalamika kwamba unga una wadudu wanaambiwa wamezoea vya bure. Mtu huyo hakuzaliwa na roho mbaya. Moyo umejifisha ganzi ili usipasuke, kama jino lililochomwa sindano. Ubaya ni kwamba ganzi haichagui: ikishaingia kwa wakimbizi, inaenda nayo nyumbani mpaka kwa mke na watoto.

Na hapa pana jambo linaloniudhi. Maofisini, mtu akifika hatua hiyo wakati mwingine husifiwa. "Huyu ameshakomaa, hababaiki." Mgeni anayelia baada ya mahojiano yake ya kwanza anaonekana dhaifu, na aliyekufa ganzi anapandishwa cheo.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza uchakavu huu katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo lililoanza kutumika Januari 2022. Liliuingiza kwa angalizo: usihesabiwe kuwa ugonjwa. Ni hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Angalizo hilo ni dogo kwa maneno, lakini linasema chanzo kitafutwe kazini kabla ya kutafutwa kichwani mwa mfanyakazi.

Tofauti yake na ndugu zake wawili ni muhimu kuijua. Kiwewe kina tukio: gari lililovamiwa, mwili uliobebwa, na baadaye ndoto zinazorudi na mwili kushtuka kila mlango ukibamizwa. Sonona humfuata mtu kila mahali. Hata arusi ya mdogo wake haimpi furaha, chakula hakina ladha, na anaweza kuanza kuona heri asingekuwepo. Uchakavu, kwa mwanzo, unakaa kazini: Jumapili mchana mtu yuko sawa, Jumapili jioni tumbo linaanza kuuma. Ila kuta kati ya vyumba hivi vitatu ni za udongo. Mtu anaweza kuwa navyo vyote, na uchakavu ulioachwa muda mrefu hufungulia sonona mlango. Anayewaza kujidhuru aonwe na daktari au mshauri nasaha siku hiyo hiyo; asisubiri zamu ya likizo.

Sasa, ni nini hasa kinachochakaza? Ukimuuliza mtu wa nje atakujibu haraka: maiti, njaa, risasi. Hajakosea. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, wafanyakazi wa misaada waliouawa duniani mwaka 2024 walikuwa 383, idadi kubwa kuliko ya mwaka wowote uliotangulia, na karibu wote walikuwa wenyeji wa nchi walikofanyia kazi. Picha ya mzungu mwenye fulana yenye nembo ndiyo inayopendwa na televisheni, lakini anayezikwa kwa kawaida ni mwenyeji.

Utafiti ninaourudia mara kwa mara ni ule wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, uliochapishwa 2012. Waliulizwa wafanyakazi wenyeji 376 kutoka mashirika 21, katika eneo lililokuwa limetoka kwenye vita vya miaka mingi vya kundi la Joseph Kony. Zaidi ya nusu walikuwa wamepitia aina tano au zaidi za matukio ya kutisha. Waliokuwa na dalili zinazoashiria hatari kubwa ya sonona walikuwa asilimia 68. Ya matatizo ya wasiwasi, asilimia 53. Ya kiwewe, asilimia 26. Na kwa kila sura ya uchakavu, kati ya robo na nusu yao walikuwa katika hatari kubwa. Hizi ni dalili walizozieleza wenyewe kwenye dodoso, hazikuthibitishwa na daktari chumbani, lakini hata ukizipunguza bado zinatisha. Wanawake waliumia zaidi ya wanaume. Wa Umoja wa Mataifa waliumia kidogo kuliko wa mashirika mengine.

Hilo la mwisho litafakari. Gulu ni ile ile, vita ni vile vile, barabara ni zile zile. Kilichotofautiana ni mwajiri. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba waliokuwa na watu wa kuwaegemea, waliofanya kazi katika timu zilizoshikamana, na waliokuwa na kero chache za kila siku, walikuwa na afya bora ya akili. Kero za kila siku! Zile ambazo hakuna anayezitungia ripoti.

Kero ya kwanza ni mkataba. Mradi ni wa miezi sita, mkataba ni wa miezi sita, na kuanzia mwezi wa nne watu wanaanza kunong'ona kantini: fedha zimeingia au hazijaingia? Mtu anamtia moyo mkimbizi asiyejua kesho yake, ilhali na yake haijui. Januari 20, 2025, serikali ya Marekani ilisitisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai 1 mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likawa limefungwa. Kuanzia Goma hadi Lodwar wako waliolala wameajiriwa wakaamka na barua pepe. Waliobaki hawakubaki na nafuu; walibaki na kazi za wawili na aibu ya kuponea pale mwenzako alipoanguka.

Kero ya pili ni kugawa kisichotosha. Juni 2023 mgawo wa chakula kwa wakimbizi walioko Kigoma ulikatwa mpaka nusu. Mwaka 2025 Kakuma ilipanga wakimbizi katika makundi manne kwa kadiri ya uhitaji, na kundi la mwisho likaondolewa kwenye mgawo. Maamuzi hayo hufanyika mbali, kwenye meza zenye maji ya chupa, na sababu yake ni wafadhili kupunguza fedha. Lakini hayajitangazi yenyewe. Yupo karani wa mgawo, kijana wa miaka 26, anayesimama mbele ya bibi aliyekuja na ndoo yake na kumwambia: wewe umo kundi la nne. Bibi anauliza kwa nini. Karani hana jibu analoliamini. Wataalamu huliita jeraha la dhamiri, istilahi iliyotokana na kazi ya daktari Jonathan Shay na maveterani wa vita vya Vietnam. Ni maumivu ya mtu aliyeshiriki, au aliyelazimika kushiriki, katika jambo ambalo moyo wake unaliona si haki. Hofu huisha hatari ikipita. Hili halina pa kuishia, kwa sababu wiki ijayo kuna mgawo mwingine na bibi atarudi na ndoo.

Nimtaje pia mkalimani, kwa kuwa hutajwa kwa nadra. Kanuni ya kazi yake inamtaka atafsiri kwa nafsi ya kwanza. Mwanamke anasimulia kwa Kirundi au Kibembe yaliyompata njiani, na mkalimani anayasema kwa Kiswahili au Kiingereza akianza na "mimi". Mimi nilishikwa. Mimi nilimwona mwanangu akichukuliwa. Ofisa anaandika, anauliza swali linalofuata, na kinywa kinachotamka ni cha kijana ambaye huenda kijiji hicho anakijua, au ndicho alikotoka. Ayaseme mara nne kwa siku, siku tano kwa wiki. Halafu akitoka humo chumbani, amekula kiapo cha siri: hawezi kumsimulia hata mkewe. Mwaka 1990 wanasaikolojia Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman walieleza jinsi kiwewe cha anayesimulia kinavyohamia kwa anayesikiliza. Mkalimani yuko hatua moja zaidi: husikiliza, kisha husimulia.

Kero ya tatu wazungu hawaiandiki sana, maana si yao. Ni ukoo. Mtoto wenu akipata kazi shirikani, amepata kwa niaba ya ukoo mzima. Ada ya mpwa, matibabu ya shangazi, mchango wa arusi ya jirani, na ujumbe unaokuja saa moja asubuhi: "Shikamoo kaka, naomba unikopeshe elfu hamsini, na ya kutolea." Siku anazotoka kambini ndizo ukoo ulizokuwa ukizisubiri. Kuna msiba ambao hakuuzika, kikao cha harusi, kesi ya shamba inayomngoja yeye kama msomi wa familia. Umoja wa Mataifa una utaratibu wa mapumziko ya lazima kwa wafanyakazi wake wa kimataifa katika vituo vigumu, kila baada ya wiki 4, 6, 8 au 12 kwa kadiri ya ugumu wa mahali, na mashirika mengi yameiga kwa namna zao. Makambini huitwa R&R, hata na wasiojua herufi hizo zinasimamia nini. Mtaalamu kutoka Ulaya huenda nayo Zanzibar, akazima simu. Mwenyeji huenda nayo kwao, na kwao ni ofisi nyingine yenye foleni yake. Ndiyo maana mama anaona mtoto amekuja kuugua.

Sisemi tuwakatae ndugu. Mtu asiye na watu ndiye anayechakaa haraka zaidi, na Gulu imeonyesha hivyo. Ila nimeona wanaofaulu kuweka mipaka wakifanya mambo ya kawaida kabisa. Wana laini mbili, na ya kazi inazimwa siku ya kuondoka kambini. Wameshatangaza kwa ndugu kiasi cha mwezi cha kusaidia, na kikiisha kimeisha. Siku mbili za kwanza za likizo hawafiki kijijini. Wanalala Kigoma au Kitale kwa rafiki, wanakula mgebuka au mutura, wanacheka upuuzi, ndipo wanaendelea na safari. Siku hizo mbili si ubinafsi. Moyo uliozoea king'ora hautulii kwa kushuka tu kwenye basi.

Kwa upande wa mashirika, kuna vitu vilivyopendwa sana na vilivyosaidia kidogo. Kwa miaka mingi baada ya tukio baya watu walikusanywa chumba kimoja, mara moja, kila mtu aeleze aliyoyaona na alivyojisikia. Ilionekana busara. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, mwaka 2002 yalikuta kikao cha namna hiyo cha mara moja hakizuii kiwewe, na kwa baadhi ya watu huenda kilizidisha. Ukimlazimisha mtu afunue kidonda kabla hakijakauka, unakitonesha. Kinachopendekezwa badala yake ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo Shirika la Afya Duniani na wenzake waliitolea mwongozo 2011: tazama, sikiliza, unganisha. Angalia kama mtu yuko salama na amekula. Msikilize akitaka kusema, na asipotaka kaa naye. Muunganishe na anachohitaji, iwe simu kwa mkewe au daktari. Bibi zetu waliokaa mkekani matanga siku tatu bila kuuliza maswali wangeutambua mwongozo huo.

Semina za yoga na vikombe vya kahawa vyenye maneno ya kutia moyo sitavizungumzia. Havidhuru. Lakini mkuu wa kituo anayetuma kazi kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku, kisha Ijumaa akaandaa semina ya kujitunza, anajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka chini. Mshauri nasaha naye, akiwa anaripoti kwa ofisi ile ile inayohuisha mikataba, atakaa peke yake na viti vyake. Watu si wajinga. Dodoma mtu akionekana kuyumba hutaniwa kwamba atapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili; nani atake utani huo uingie kwenye faili lake?

Hakuna jipya katika haya. Mwongozo wa kimataifa wa afya ya akili katika dharura, uliokubaliwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa na yasiyo ya kiserikali mwaka 2007, una sehemu nzima inayowataka waajiri wawatunze wafanyakazi na wanaojitolea kabla ya kazi, wakati wa kazi na baada yake. Na wajibu huo umeshafika mahakamani. Juni 2012 huko Dadaab msafara wa Baraza la Wakimbizi la Norway ulishambuliwa. Dereva Mkenya aliuawa, na wafanyakazi wanne wa kigeni walitekwa, wakaokolewa Somalia siku nne baadaye. Mmoja wao alishtaki. Novemba 2015 mahakama ya Oslo iliona shirika lilikuwa na uzembe mkubwa, na ikaamuru alipwe kroner zipatazo milioni 4.4, madhara ya kisaikolojia yakiwa miongoni mwa yaliyohesabiwa. Hukumu hiyo ilitikisa mashirika mengi.

Wenzetu wengi wameisoma kesi hiyo kwa upande wa aliyeshinda. Mimi huwa nafikiri juu ya madereva. Dereva ndiye wa kwanza kufika kwenye ajali, ndiye anayebeba mjamzito usiku, ndiye anayesikia kila kitu kinachosemwa kiti cha nyuma. Pale mashirika yanapowaajiri madereva na walinzi kupitia wakala, siku mshauri nasaha akija kutoka mji mkuu wao hawamo kwenye orodha ya wafanyakazi. Wanamsubiri nje, injini imezimwa, ili wamrudishe uwanja wa ndege.

Na chini ya dereva yupo mwingine: mkimbizi anayefanya kazi kambini kwa posho. Ndiye mhamasishaji wa afya, mwalimu msaidizi, mkalimani, mgawaji, kwa malipo ambayo ni sehemu ndogo ya mshahara wa mwenyeji anayekaa naye meza moja. Wengi wao wameishi kambini zaidi ya miaka 20. Nyarugusu ilifunguliwa 1996, na wapo waliozaliwa humo ambao sasa ndio wanaowasajili wanaozaliwa. Mgawo ukikatwa, anautangaza mchana na kuupokea jioni. Ratiba ya R&R ikibandikwa ukutani, anaisoma kama mtu anayesoma ratiba ya ndege. Ijumaa gari la wafanyakazi linapotoka kwenda Kasulu na Kigoma, yeye anafunga ofisi, anakabidhi ufunguo kwa mlinzi, kisha anatembea dakika kumi mpaka zoni anakoishi. Bibi wa foleni ya asubuhi ni jirani yake. Amekaa kibarazani, anamsubiri.